Ungamo Lililotoka Madras

Julai 1854, wabunge wa London walielezwa kwamba wakulima wa jimbo la Madras, kusini mwa India, wanateswa ili walipe kodi. Kampuni ya India ya Mashariki, iliyotawala huko kwa niaba ya Uingereza, ilikuwa imezoea kukana. Safari hii kukana hakukutosha. Tume ya watu watatu iliundwa: E. F. Elliot, H. Stokes na wakili John Bruce Norton. Likatolewa tangazo kwamba kila aliyeteswa na watumishi wa serikali, iwe kwa sababu ya kodi au kwa sababu ya kesi ya jinai, aje aeleze au aandike.

Watu wakaja. Mamia walifunga safari hadi mjini Madras wakaeleza kwa vinywa vyao, na walioshindwa safari walituma barua. Malalamiko yalizidi 1,900. Mengi yalifanana hata kama waliolalamika hawakuwahi kuonana. Walieleza juu ya kittee, yaani vibao viwili vya kubania vidole. Walieleza juu ya anundal: mtu anainamishwa, anafungwa kamba kutoka shingoni hadi vidole vya miguu, anaachwa juani, pengine na jiwe mgongoni. Walieleza juu ya pilipili machoni, njaa, na kukeshezwa. Aliyekusanya kodi na aliyekamata wezi mara nyingi alikuwa mtumishi yuleyule, kwa hiyo mbinu zilihama bila shida kutoka kwenye deni la shamba hadi kwenye kesi ya wizi.

Ripoti ilitoka 1855. Ilikubali kwamba mateso yapo, katika kodi na katika polisi pia, lakini lawama ikaitupa kwa watumishi wenyeji na kuwasafisha mabwana wa Kizungu waliokuwa juu yao. Miaka miwili baadaye Karl Marx aliichambua ripoti hiyo katika gazeti la New York Daily Tribune na kuwaonyesha wasomaji wa Marekani kile ambacho tume haikutaka kukitamka: kodi iliyokamuliwa kwa vibao vya vidole iliishia katika hazina ya Kampuni.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Kupiga mtuhumiwa ili akiri lilikuwa kosa kwenye vitabu. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860 ililitaja waziwazi, na katika mifano yake imo picha ya ofisa wa polisi anayemtesa mtu ili aungame. Lakini nani angelithibitisha kosa hilo? Aliyepigwa alikuwa peke yake chumbani, na mashahidi wote walivaa sare moja. Watunga sheria wakaona kwamba katazo peke yake halifiki ndani ya chumba kile. Wakatafuta njia nyingine, nayo ni werevu ambao sijachoka kuustaajabia: wakaamua kuondoa faida ya kipigo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1861, kisha Sheria ya Ushahidi ya 1872, zikaweka kwamba ungamo alilolitoa mtu kwa ofisa wa polisi haliwezi kutumika dhidi yake mahakamani. Na lile alilolitoa akiwa mikononi mwa polisi, hata kama alimwambia mtu mwingine, halifai mpaka liwe limetolewa mbele ya hakimu. Askari angeweza kupiga usiku kucha, lakini asubuhi asingekuwa na kitu cha kupeleka mahakamani.

Aliyeiandika sheria ya 1872, James Fitzjames Stephen, hakuwa mtu wa huruma nyingi. Alikuwa mkali, mpenda dola, na mtu wa hesabu. Baadaye, katika historia yake ya sheria ya jinai, alisimulia maelezo aliyopewa na ofisa mmoja wa India kuhusu chanzo cha mateso. Ofisa yule hakutaja ukatili wa asili wala mila. Alitaja uvivu: ni rahisi kukaa kivulini kumpaka maskini pilipili machoni kuliko kutembea juani kutafuta ushahidi. Sijasoma maelezo ya kweli zaidi ya hayo kuhusu jambo hili, na hayahusu India pekee.

Sheria hiyo iliacha tundu moja, kifungu cha 27. Kama maneno ya mtuhumiwa yameongoza hadi kwenye kitu, kwa mfano panga lililofichwa au mali iliyoibwa, sehemu ile ya maneno iliyoleta kitu hicho inakubalika. Hoja yake ni kwamba kitu kilichoonekana hakidanganyi. Lakini askari anayejua kwamba panga litaliokoa ungamo atatafuta panga, na mwaka 1946, katika kesi ya Pulukuri Kottaya, Baraza la Kifalme la London lililazimika kuonya kwamba tundu lile lisipanuliwe likameza kanuni yote.

Jambo moja linastahili kusemwa hapa. Waingereza hawakuwahi kujiwekea wenyewe kanuni hiyo. Nchini kwao, ungamo kwa polisi lilikubalika mradi limetolewa kwa hiari, na majaji walitosheka na miongozo yao ya mwaka 1912 iliyomtaka askari amwonye mtu kabla ya kumhoji. Ilibidi vijana watatu wafungwe kwa maungamo yasiyo ya kweli kuhusu mauaji yaliyotokea London mwaka 1972, waachiliwe mwaka 1975, na tume ya kifalme ikae, ndipo Uingereza ikapata sheria kamili ya mamlaka ya polisi mwaka 1984. Raia wa London alidhaniwa kuwa salama mikononi mwa polisi wake. Mtawaliwa wa Madras ilijulikana kwamba hayuko salama, kwa sababu waliomtawala walikuwa na ripoti mezani.

Ripoti hiyo haikuja Afrika Mashariki. Sheria yake ilikuja. Amri ya mwaka 1897 ilizileta sheria za India katika eneo ambalo leo ni Kenya. Zanzibar ikapata dikrii yake ya ushahidi mwaka 1917, iliyofuata mfano uleule, na Tanganyika ikaipokea Sheria ya Ushahidi ya India mwaka 1920, Waingereza walipochukua nchi kutoka kwa Wajerumani. Mwaka 1930 Kanuni mpya za Adhabu ziliandikwa na ile ya India ikawekwa kando, lakini Sheria ya Ushahidi ilibaki. Babu zetu walishtakiwa Tabora na Nakuru chini ya kanuni iliyotokana na vidole vilivyobanwa Madras, wala hakuna aliyewaambia.

Chini ya Wajerumani mambo yalikuwa mengine. Wazee wa Tanganyika waliuita utawala ule kwa hesabu ya viboko vyake, hamsa ishirini, kwa sababu amri ya Berlin ya mwaka 1896 iliweka kikomo cha viboko 25 kwa mkupuo mmoja. Mwaka huohuo Berlin ilikataza kumlazimisha mwenyeji aungame kwa njia zisizoruhusiwa katika mahakama za Ujerumani. Lakini katika boma la mbali, ofisa mmoja ndiye aliyekuwa mkuu wa askari, mwendesha mashtaka na hakimu, na kiboko kilikuwa ukutani. Katazo lililotoka Berlin lingemfikiaje?

Swali hilo liliwahusu Waingereza nao. Sheria yao ilitaka hakimu awepo, na hakimu wa wilayani alikuwa nani? Alikuwa Bwana Shauri, Mkuu wa Wilaya, yuleyule aliyekusanya kodi na aliyetaka wilaya yake itulie. Kanuni ilivuka bahari salama, lakini mtu wa tatu, yule asiye na haja na jibu, hakupatikana kwa urahisi.

Jaribu kubwa lilikuja Kenya. Oktoba 1952 gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na maelfu wakapitishwa katika vituo vya kuchujwa, ambako kazi kubwa ilikuwa kuwafanya watu wakiri viapo vya Mau Mau. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka ile. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki haikuwa rafiki wa Mau Mau hata kidogo, lakini hata yenyewe ilishtuka. Katika rufaa ya Njuguna wa Kimani na wenzake, mwaka 1954, ilisema ni wajibu wa kila jaji na hakimu kuchunguza kwa makini sana jinsi ungamo lilivyopatikana, hasa pale mtuhumiwa alipokaa muda mrefu mikononi mwa polisi. Mwishoni mwa mwaka huohuo Kamishna wa Polisi, Arthur Young, alijiuzulu. Alikuwa ametumwa kutoka Uingereza kuisafisha polisi, akaona kwamba wakubwa hawataki uchafu uguswe.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 waliuawa kwa marungu. Serikali ilijaribu kwanza kusema kwamba wamekufa kwa sababu ya maji waliyokunywa. Ilichukua zaidi ya nusu karne, na kesi iliyofunguliwa London na wazee waliokuwa wamepitia kambi zile, ndipo Juni 2013 serikali ya Uingereza ilipokiri mateso na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Uhuru ulipokuja, njia zikaachana. Kenya, katika sheria ya 1963, iliruhusu ungamo lililotolewa kwa polisi wa cheo cha juu, kana kwamba nyota za begani ni kinga ya ukatili. Uganda nayo ilikuja kufuata njia ya vyeo, ingawa mwaka 1967, katika shauri la Tuwamoi, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikuwa imeweka tahadhari: ungamo ambalo mtu amelikana mahakamani lipokelewe kwa uangalifu, na jaji aridhike kabisa kwamba ni la kweli. Tanzania ilikuwa imara kuliko wote. Sheria yake ya Ushahidi ya mwaka 1967 iliichukua kanuni ya zamani nzima nzima: ungamo kwa polisi halifai, na anayetaka kuungama apelekwe kwa hakimu au mlinzi wa amani.

Kisha ikaja Mwanza na Shinyanga. Mwaka 1976 mikoa hiyo miwili ilikuwa na mauaji mengi ya vikongwe walioshukiwa uchawi, na serikali ilitaka yakome. Polisi na maofisa wa usalama walikamata watu kwa mamia. Watuhumiwa waliteswa, na baadhi yao walifia mikononi mwa waliowakamata. Habari zilipomfikia Rais Nyerere hazikufichwa. Mapema 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, na pamoja naye Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi, na wakuu wa mikoa ile miwili. Mwinyi hakumgusa mtu kwa mkono wake. Aliwajibika kwa yaliyofanywa na waliokuwa chini yake, na heshima aliyoipata kwa hilo haikumtoka hata alipokuja kuwa Rais. Maofisa kadhaa walifikishwa mahakamani.

Tukio hilo tunalisimulia kama somo la uwajibikaji, na ni haki yake. Linalosahaulika ni lililofuata. Mwaka 1980, vifo vile vikiwa bado vibichi, Bunge lilirekebisha Sheria ya Ushahidi kwa Sheria Namba 19 ya mwaka huo na kugeuza kanuni kichwa chini. Kuanzia hapo ungamo lililotolewa kwa hiari kwa ofisa wa polisi linakubalika mahakamani, na ofisa wa polisi, kwa tafsiri ya sheria hiyo, ni kuanzia koplo. Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha hiari. Lakini kifungu cha 29 kinasema ungamo halitakataliwa kwa sababu tu palikuwa na ahadi au vitisho, ila kama vitisho vyenyewe ni vya namna inayoweza kumfanya mtu akiri uongo. Soma tena maneno hayo. Kinachouliziwa hapo ni ukweli wa jibu, na mwili wa aliyejibu umewekwa pembeni.

Naamini huo ulikuwa mpinduko mbaya katika sheria yetu ya jinai. Miaka minne kabla yake nchi ilikuwa imeona kwa macho yake kile wakulima wa Madras walichokieleza, na dawa iliyotungwa kwa ajili ya ugonjwa huo ilikuwa tayari ndani ya kitabu. Iliondolewa wakati mgonjwa amelala kitandani.

Sehemu ya kosa hilo ilirekebishwa mwaka 1985, na kwa njia ambayo haikutoka India. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka huo ilileta saa. Mtu aliyekamatwa ahojiwe ndani ya saa nne tangu kukamatwa. Muda huo unaweza kuongezwa, lakini kwa utaratibu, na safari ya kumfikisha kituoni haihesabiwi. Aelezwe kosa lake, aonywe kwamba halazimiki kusema, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, atendewe kwa utu. Na kifungu cha 169 kikaipa mahakama uwezo wa kuukataa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja masharti hayo. Haikuwa kanuni ya 1872, lakini ilikuwa na akili ileile: muda ndio chombo cha kwanza cha mtesaji, na saa ni kitu kinachoweza kuandikwa na kukaguliwa.

Kwa miaka mingi saa nne zilikaa kitabuni tu. Aliyezipa meno ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Katika rufaa namba 95 ya mwaka 2006, ya Janta Joseph Komba na wenzake watatu, maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa, yalikuwa yameandikwa baada ya warufani kukaa polisi kupita muda wa sheria. Mahakama iliyaondoa kwenye kumbukumbu, na ikasema neno zito: kuwekwa polisi kupita muda uliowekwa ni mateso, ya akili au ya namna nyingine. Halikuhitajika kovu wala cheti cha daktari. Tangu hapo mawakili wa utetezi huanza na kitabu cha mahabusu. Aliingia selo saa ngapi? Kalamu ilishikwa saa ngapi? Baadaye mahakama zilikubali kwamba upelelezi mgumu unaweza kueleza ucheleweshaji, na kila udhuru wa namna hiyo unapokubaliwa kirahisi, meno hayo hupungua moja.

Kenya ilipita njia yenye giza zaidi kabla ya kuona mwanga. Kuanzia 1986, katika msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali ya Rais Daniel arap Moi, watuhumiwa walifungwa vitambaa machoni wakapelekwa Nyayo House, jengo la ofisi za serikali katikati ya Nairobi. Chini yake kulikuwa na vyumba ambamo watu waliachwa uchi ndani ya maji kwa siku kadhaa. Huko mtindo mwingine ulibuniwa, unaoonyesha jinsi kila kanuni inavyotafutiwa mlango wa nyuma. Watu walifikishwa kortini jioni, saa za kazi zimekwisha, bila wakili, wakakiri shtaka mbele ya hakimu mwenyewe. Kisheria hapo hapakuwa na ungamo kwa polisi. Palikuwa na mshtakiwa anayekubali kosa mahakamani, na anajua kwamba akikana atarudishwa chini. Mtu wa tatu alikuwepo, lakini alikuwa amekwisha kuchukuliwa.

Serikali ya Moi ilipoondoka, mwaka 2003 vyumba vile vilifunguliwa wananchi wakaviona. Mwaka huohuo Bunge la Kenya lilifanya kinyume cha lile la Tanzania la 1980: likafuta vifungu vilivyoruhusu ungamo kwa polisi na kuweka cha 25A, kilichotaka ungamo litolewe mahakamani tu. Polisi walilalamika kwamba mikono yao imefungwa. Mwaka 2007 sheria ikalegezwa: ungamo lingeweza kupokelewa na jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiyepungua Chifu Inspekta, lakini asiwe mpelelezi wa kesi hiyo, na mtuhumiwa awe na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Kanuni za mwaka 2009 zikaingia katika mambo madogo, na hapo ndipo zilipo na nguvu. Anayepokea ungamo ahakikishe mtu hakunyimwa chakula, maji wala usingizi. Tarehe na saa ya kukamatwa ziandikwe. Ahojiwe kwa lugha anayoichagua, na mkalimani apatikane bila malipo. Kama anaumwa, ashughulikiwe. Ukisoma orodha hiyo sambamba na malalamiko ya 1855 utaona kwamba inayajibu moja baada ya jingine. Katiba ya 2010 ikaweka juu ya yote hayo haki ya kutolazimishwa kuungama na ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24, na mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru waathiriwa wa Nyayo House walipwe fidia.

Haikuwa mwisho wa vifo. Juni 2016 wakili Willie Kimani, aliyekuwa akimtetea mteja aliyelalamika dhidi ya afisa wa polisi, alitekwa pamoja na mteja wake na dereva wao wakitoka kortini, na wote watatu wakauawa. Maafisa watatu na mtoa habari wao walitiwa hatiani mwaka 2022. Kanuni ya ushahidi haiwezi kumzuia anayeua ili kunyamazisha. Inachoweza ni kuondoa sababu ya kumtesa mtu ili aseme.

Tanzania mambo haya yalisikika tena mwaka 2021, pale kesi ya Freeman Mbowe, kiongozi wa upinzani wa wakati huo, na wenzake ilipokwama kwa majuma katika kesi ndogo ndani ya kesi. Watu ambao hawajawahi kufungua kitabu cha sheria walifuatilia hoja za maelezo ya onyo: yaliandikwa wapi, saa ngapi, na kama aliyeyatoa aliteswa. Jaji alizikataa hoja za utetezi na kuyapokea. Machi 2022 mashtaka yenyewe yaliondolewa, na swali likabaki pale lilipokuwa. Mwaka uliofuata Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilizunguka nchini kusikiliza wananchi na ikakabidhi ripoti yake mwezi Julai.

India, iliyoanzisha yote haya, iliifuta Sheria ya Ushahidi ya 1872 na kuweka mpya iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Mengi yalibadilishwa. Kanuni ya kutopokea ungamo kwa polisi ilibakizwa, sasa katika kifungu cha 23.

Kwetu Tanzania koplo bado anaandika maelezo yanayoweza kumpeleka mtu jela maisha. Nataka kifungu cha 1967 kirudi, ungamo litolewe kwa mlinzi wa amani au lisitolewe kabisa. Najua jibu la polisi: mahakimu ni wachache na wako mbali. Lakini mahakimu wa mahakama za mwanzo ni walinzi wa amani kisheria, na wamo katika kila wilaya. Sheria ile ilitumika kwa miaka 13, kuanzia 1967 hadi 1980, wakati mahakimu walikuwa wachache zaidi, lami ilikuwa haba na simu ilikuwa ya posta.